Mchezaji wa chesi anayezunguka mashindanoni: nani humlipia, na maisha yake yanaendaje?

Mjomba wa Mwaloni (mleta mada):

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na ninamlea mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 16 anayesoma kidato cha tatu hapa Mwanza. Alianzia kwenye drafti za vijiweni kama wenzake, klabu ya shule ikamwingiza katika chesi, na sasa watu wazima wa mtaani kwetu wakialikwa naye mezani hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani. Hivi karibuni aliniambia, kwa heshima zote lakini bila kupepesa macho, kwamba hataki tena kusomea uhasibu, bali anataka kuwa mchezaji wa kulipwa, yule anayezunguka nchi kwa nchi kutoka mashindano haya hadi yale.

Sikumkatalia wala sikumkubalia. Niliketi naye nikamtaka anieleze hesabu ya kazi hiyo, naye akanieleza habari za bingwa wa dunia na mamilioni ya dola. Maelezo hayo hayakunisaidia, kwa kuwa hata katika biashara yangu wapo matajiri wawili watatu wanaopeleka mzigo hadi Kongo kwa malori yao wenyewe, na wapo mamia ambao mvua ya siku chache, dagaa wakiwa bado mchangani, inatosha kuwafilisi. Ninataka kujua hao mamia wa chesi wanaishije. Je, zawadi zinamtosha mtu kula na kulipa kodi ya nyumba? Nauli na malazi analipa nani? Na kijana aliye Mwanza, mbali na Dar es Salaam na mbali zaidi na Ulaya, anaanzia wapi bila kuacha shule? Ninaomba majibu ya watu waliowahi kusafiri kwa ajili ya mchezo huu, si ya mashabiki.

Farasi wa Nyegezi:

Shikamoo mzee. Nimecheza kwa miaka kadhaa katika mashindano ya Afrika Mashariki na mara chache nje ya bara letu, hivyo nitaeleza yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Zawadi haimlishi mtu, isipokuwa wachache sana walio kileleni. Kijana wako hakukudanganya kuhusu mamilioni, kwani pambano la ubingwa wa dunia la Singapore mwaka 2024, ambamo Gukesh wa India alimshinda Ding Liren wa China akiwa na miaka 18, lilikuwa na jumla ya dola milioni 2.5 za kugawana wawili hao. Ila hao ni watu wawili. Mashindano tunayoingia sisi wengine ni yale ya wazi, ambayo kwa kawaida huwa na raundi 9, na utaratibu wake wa fedha unafaa uujue kabla ya kitu kingine chochote. Grandmasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa katika chesi, akiwa na jina hupewa chumba na chakula, na mara nyingine hulipwa kwa kufika tu. Masta wa Kimataifa, cheo kinachofuata chini yake, aghalabu husamehewa ada ya ushiriki. Sisi tusio na vyeo tunalipa kila kitu, na ada zetu ndizo zinazoongezea mfuko wa zawadi ambazo hao waliolala bure watazichukua. Silalamiki, kwa sababu bila wao hakuna mtu angetaka kuja, lakini mfanyabiashara ataelewa haraka nani mteja na nani bidhaa.

Kwa hiyo mchezaji wa daraja la kati analipwa na nini? Analipwa kwa kufundisha, tena kwa wingi. Nimewahi kukaa hoteli moja na Masta wa Kimataifa aliyekuwa akifundisha watoto wa nchi nyingine kupitia intaneti kila asubuhi, akipumzika kidogo na kuteremka kucheza mchana, na aliniambia kwamba saa zile za asubuhi ndizo zilizomlipia safari. Wengine huchezea klabu katika ligi za Ujerumani au Ufaransa, ambako klabu humlipa mchezaji kwa kila mechi, na wengine hupata chochote katika mashindano ya intaneti ya wenye vyeo. Unaona kwamba karibu kila mlango wa mapato unafunguliwa na cheo. Cheo cha chini kabisa katika mpangilio wa kawaida, yaani Mtarajiwa wa Umasta, kinahitaji kiwango cha 2200, kiwango kikiwa ni namba rasmi inayopima uwezo wa mchezaji. Masta wa FIDE, yaani wa shirikisho la kimataifa la chesi, ni 2300. Masta wa Kimataifa ni 2400 pamoja na nomu tatu. Na Grandmasta ni 2500, nazo nomu tatu. Nomu ni matokeo ya juu sana katika shindano moja lenye wapinzani wa kutosha wenye vyeo na wa kutoka nchi mbalimbali, na hapo ndipo safari inapokuwa lazima, kwa kuwa mashindano ya namna hiyo hayaandaliwi Mwanza.

Kuhusu siku yenyewe inavyokwenda, kijana na ajue kwamba hatauona mji aliousafiria. Ratiba ya wapinzani hutolewa usiku au asubuhi, nawe unaketi na kompyuta kutafuta michezo ya zamani ya mpinzani wako, akiwa naye chumbani kwake anatafuta yako. Ukumbini simu inaachwa nje au inakabidhiwa kwa waamuzi, kwa maana ukikutwa nayo mwilini unapoteza mchezo papo hapo. Mpangilio uliozoeleka ni dakika 90 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, kwa hiyo mchezo mmoja unaweza kuchukua saa nne hadi tano, na kila hatua unaiandika kwa mkono kwenye karatasi. Unaweza kuwa mbele kwa saa nne, ukasogeza ngome mahali pasipofaa zikiwa zimebaki sekunde 40 kwenye saa, mambo yakaisha. Kisha unarudi kwenye chumba cha watu watatu, mmoja wao ameshinda na anataka kusimulia, na kesho yake ni raundi nyingine. Katika mashindano ya bei nafuu huchezwa raundi mbili kwa siku, na hizo ndizo zinazomchosha mtu kuliko safari.

Mwalimu wa Igoma:

Ndugu mleta mada, ninafundisha hisabati na kusimamia klabu ya chesi ya shule, na ningependa kuongeza jambo ambalo ndugu yetu wa Nyegezi hakuligusa, nalo ni umri wa kijana wako.

Kiwango cha FIDE kinapanda na kushuka kwa hesabu iliyo wazi. Unalinganisha alama ulizopata (ushindi ni 1, sare ni nusu) na alama ulizotarajiwa kupata kwa kuangalia viwango vya wapinzani, kisha tofauti hiyo inazidishwa kwa namba maalumu. Kwa mchezaji wa kawaida aliye chini ya 2400 namba hiyo ni 20. Kwa mchezaji kijana ni 40, na inabaki 40 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18, maadamu kiwango chake hakijafika 2300. Chukua mfano wa mchezaji wa kiwango cha 1700 anayekutana na wapinzani tisa, wote wa 1700. Anatarajiwa kupata alama 4.5. Akipata 6.5 amezidi kwa 2, na kijana atapanda kwa 80, wakati mtu mzima aliyecheza vilevile, hatua kwa hatua, atapanda kwa 40. Maana yake ni kwamba kazi ambayo kijana wako anaweza kuifanya sasa kwa mashindano matano, akiwa na miaka 20 itamdai kumi, na nauli ni zilezile.

Hili lina uzito wa pekee kwetu. Watoto wa kanda hii hucheza michezo michache sana inayohesabiwa na FIDE, kwa hiyo viwango vyao hubaki nyuma ya uwezo wao. Wanakutana wao kwa wao, wanapokonyana alama chache zilezile, na anayetoka nje akiwa na 1600 humshangaza mpinzani wake kwa kucheza kama mtu wa 1900. Dawa yake ni michezo mingi inayohesabiwa, mapema, dhidi ya watu wa nje ya kundi letu. Kama bado hana namba ya FIDE, chama cha taifa ndicho kinachomsajili, na kiwango cha kwanza hupatikana baada ya angalau michezo mitano dhidi ya wachezaji ambao tayari wana viwango. Orodha mpya hutoka kila tarehe 1 ya mwezi.

Kuhusu shule, ninaomba umwoneshe habari za watu wawili pamoja, si mmoja. Gukesh aliacha masomo ya kawaida akiwa mdogo, na baba yake, daktari bingwa wa masikio, pua na koo, aliweka kazi kando kwa muda mwaka 2017 hadi 2018 ili azunguke naye mashindanoni kutafuta nomu, huku mshahara wa mama ukiiendesha nyumba. Kijana alipata Ugrandmasta akiwa na miaka 12. Wa pili ni Amon Simutowe wa Zambia, aliyekamilisha masharti ya Ugrandmasta nchini Uholanzi mwaka 2007 na kuwa wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara, naye alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas kwa ufadhili wa chesi. Vyuo kadhaa vya Marekani hufanya hivyo hadi leo, na hata Phiona Mutesi, aliyelelewa Katwe, Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu, alifika chuo kikuu cha huko kwa sababu ya mchezo huu. Kwa mtazamo wangu, njia ya Simutowe ndiyo inayolingana na mfuko wa mzazi wa Mwanza, na haipitiki bila cheti cha kidato cha nne, wala bila Kiingereza cha kuandikia.

Dada wa Tiketi:

Kaka mleta mada, mimi sichezi, lakini ninakatia watu tiketi na kuwasaidia na makaratasi, na nimeona kitu kimoja katika maelezo yako ambacho wachezaji wamekipita. Wewe ni mjomba. Jina lako halimo katika cheti cha kuzaliwa cha huyo kijana. Ana miaka 16, kwa hiyo kila mpaka na kila ubalozi utauliza ridhaa ya wazazi, na barua yako peke yako haitatosha. Anzeni sasa kutafuta barua ya mama yake, na ya baba kama yupo, pamoja na hati ya kiapo iliyothibitishwa na wakili inayoeleza kwamba kijana anaishi nawe na kwamba unagharimia safari. Nimeona timu ya vijana ikibaki upande mmoja wa mpaka kwa saa kadhaa kwa sababu ya barua ya mtoto mmoja.

Kwa majirani mambo ni mepesi. Uganda na Kenya Mtanzania haombi viza. Anahitaji pasipoti, na Uganda huomba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenda Kampala unapita Bukoba na kuvukia Mutukula, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, ambacho zamani kilikuwa kinaharibu ratiba nzima. Anayependa maji anaweza kulala kwenye meli ya MV Victoria hadi Bukoba, kisha akaendelea kwa basi. Kisumu na Nairobi unapita Musoma na Tarime hadi Sirari. Ninachowaomba wachezaji, na hawanisikii, ni kufika siku moja kabla. Basi la usiku linalowashusha saa mbili kabla ya raundi ya kwanza linaokoa malazi ya usiku mmoja na kupoteza mchezo mmoja.

Ulaya ni habari nyingine. Viza ya Schengen kwa umri wake ni yuro 90, na hazirudishwi ukinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Bima ya afya ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Taarifa ya benki iwe imetulia, maana fedha iliyoingizwa juzi inaonekana. Alama za vidole lazima mwombaji aende mwenyewe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, ingawa zikishachukuliwa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Mwaliko wa mwandaaji wa mashindano unasaidia, lakini haumlazimishi afisa wa viza kukubali, na nimewahi kuona mwenye mwaliko na hoteli iliyolipiwa akinyimwa.

Mjomba wa Mwaloni:

Marahaba kijana wa Nyegezi, na ahsanteni wote. Dada, suala la cheti cha kuzaliwa lilikuwa halijanipitia akilini hata kidogo. Dada yangu yuko Sengerema, nitamfuata wiki hii.

Nina maswali mawili. Mwalimu anasema kijana acheze sana kabla ya miaka 18, lakini mwakani Novemba ana mtihani wa kidato cha nne. Yote mawili yanaingiaje katika mwaka mmoja? Pili, kijana amenionesha tangazo la mashindano ya wazi huko Ulaya ambayo mtu yeyote akilipa ada anakubaliwa. Kwa fedha niliyonayo ninaweza kumpeleka mara moja, kwa kujibana. Je, inafaa?

Farasi wa Nyegezi:

Mzee, kwa swali la pili ninasema usimpeleke, angalau si sasa. Mtu asiye na kiwango akiingia katika mashindano makubwa ya Ulaya atapangiwa mtu mzito raundi ya kwanza, atateremka chini, na sehemu kubwa ya wiki ataicheza na wastaafu na watoto wa shule ambao angewapata wa uwezo uleule Kampala au Nairobi kwa nauli ya basi. Wale wanaofaidika na Ulaya huenda mara moja wakacheza mashindano matatu manne mfululizo, wakihama kwa treni, ili nauli moja ya ndege igawanywe. Hata hilo linafaa mtu akiwa karibu na 2200, ambapo kila shindano linamsogeza kwenye cheo. Fedha hiyo igeuze safari za kuzunguka ziwa.

Hapa pia ninatofautiana kidogo na Mwalimu. Hesabu yake ni sahihi, lakini namba ya 40 inateremsha kwa kasi ileile inayopandisha. Kijana aliyechoka, aliyesafiri usiku na kucheza raundi mbili kwa siku, anapoteza alama 80 za kiwango kwa urahisi uleule. Afadhali mashindano machache aliyoyalalia usingizi vizuri.

Mwalimu wa Igoma:

Ninakubali kuhusu usingizi, ila ninasisitiza kwamba mashindano machache mno ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo. Kwa ratiba, ningemshauri Mjomba hivi: likizo ya Desemba ya mwaka huu na ile ya katikati ya mwaka ujao zitumike kikamilifu, Kampala mara moja na Nairobi au Kisumu mara moja, kwa kutegemea mashindano yaliyopo. Kuanzia Agosti ya mwaka wa mtihani asisafiri kabisa. Mtihani ukiisha Novemba, ana miezi ya kusubiri matokeo na kuingia kidato cha tano, na hiyo ndiyo nafasi ndefu kuliko zote atakazopata akiwa bado na namba ya 40.

Liko pia jambo la kuwakilisha nchi, ambalo linapunguza gharama. Katika mashindano ya vijana ya Afrika na ya dunia, kila nchi ina mchezaji rasmi kwa kila kundi la umri, na kwa kawaida mwandaaji hubeba malazi na chakula chake. Nauli na ada za usajili hubaki kwa chama au kwa mzazi. Ili achaguliwe lazima aonekane katika mashindano ya taifa, ambayo mara nyingi yako Dar es Salaam, kwa hiyo safari moja ya Dar katika mwaka ina maana zaidi kuliko ile ya Ulaya. Na ubingwa wa Afrika wa watu wazima si mdogo: Kenny Solomon wa Afrika Kusini aliupata mwaka 2014 mjini Windhoek na ndio uliompa Ugrandmasta.

Dada wa Tiketi:

Mkienda Dar kwa mashindano ya taifa, basi shughulikieni pasipoti kabla, ili akichaguliwa maombi yoyote ya ubalozi yafanyike mkiwa hukohuko. Tiketi ya pili ya Dar ndiyo inayowaumiza wazazi wengi.

Mjomba wa Mwaloni:

Nimeelewa. Nitazungumza naye kuhusu Desemba. Kuna mashindano ya Kampala aliyonitajia. Nikilipa ada, nitajuaje kwamba yatahesabiwa na kwamba si bonanza tu la kujifurahisha?

Farasi wa Nyegezi:

Mzee, kabla ya kulipa mwulize mwandaaji mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, kama mashindano yamesajiliwa FIDE, kwa kuwa usajili hufanywa kabla ya kuanza na jina lake huonekana kwenye tovuti ya shirikisho chini ya nchi husika. Kijana anaweza kulitafuta mwenyewe kwa simu. La pili, muda wa mchezo. Michezo ya haraka ya dakika 10 au 15 ina orodha yake ya viwango, na haitagusa kiwango cha michezo mirefu ambacho ndicho kinachohesabiwa kwa vyeo tulivyovizungumzia. Waandaaji wengi wa kanda yetu huweka michezo ya haraka kwa sababu inaisha mwishoni mwa wiki moja. Akikujibu kwamba ni dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30, na jina lipo kwenye tovuti, mkatie tiketi.